Kiacheni Kivumbasi Kiwe Chai

Leo nakitetea kivumbasi. Nakitetea dhidi ya makundi mawili ya watu ambayo yanajiona ni maadui wakubwa, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Kundi la kwanza ni la wanaokidharau. Kwao hilo ni gugu, ni mambo ya bibi kijijini, ni ushamba. Kundi la pili ni la wanaokiabudu. Kwao kivumbasi kinatibu malaria, kisukari, presha, nguvu za kiume, Ukimwi, na ukiwaachia dakika tano zaidi watakuongezea na mkosi. Makundi haya yanatukanana kila siku. Lakini ukiyafuatilia mpaka kwa mama mmoja wa Ngara au Biharamulo, usiku wa manane, mtoto anachemka homa mgongoni, utakuta yote mawili yamemtupa.

Wengi wenu mkisikia Ngara mnakumbuka wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, watu karibu robo milioni waliovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu, na kambi ya Benaco iliyogeuka mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mkisikia Biharamulo mnakumbuka yale mapori ambako kwa miaka mingi mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa ajili ya majambazi. Siwalaumu. Ndivyo magazeti yalivyowazoesha: sehemu ile ni ya habari mbaya. Ila watu wa kule wana migomba, wana maharage, wana kahawa, na pembeni ya njia, kwenye mashamba yaliyopumzishwa na nyuma ya nyumba, wana kivumbasi kinachojiotea bila kupandwa na mtu.

Ni kichaka kinachoweza kumfikia mtu kifuani na kupita. Majani yake yana meno pembeni, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali inayobaki mkononi mpaka jioni. Wanasayansi wanakiita Ocimum gratissimum, na hilo neno la pili kwa Kilatini maana yake ni kinachopendeza mno. Bukoba na Uganda utasikia mujaja. Ng'ambo ya mto, Rwanda na Burundi, utasikia umwenya, na Ngara, ambako Kihangaza ni jirani wa karibu wa Kirundi, usishangae kusikia neno la namna hiyo. Pwani wana ndugu yake, mrehani, ambao akina mama huuchanganya na asmini kwenye kikuba. Ni ukoo mmoja, ila mmoja alienda harusini na mwingine akabaki shamba.

Chai yake haina masharti. Unachuma majani machache, unayasuuza, unayafikicha kidogo, unayatia kwenye maji yaliyochemka na unafunika sufuria ili harufu isitoroke. Wengine huyatia ndani ya chai ya maziwa, wengine huyanywa peke yake na sukari, wengine na asali. Watu wa maeneo haya hunywa wakiwa na mafua, kikohozi, tumbo kujaa gesi, au wakiwa hawana ugonjwa wowote ila baridi ya asubuhi na hamu ya kitu cha moto chenye harufu nzuri. Majani hayo hayo huchomwa ndani ili kufukuza mbu. Makavu huchanganywa na maharage ili wadudu wasiyatoboe. Hapo hamna uganga wala tunguri. Hayo ni maarifa ya nyumbani, kama kujua kuni ipi ina moshi na ipi haina.

Sasa tuanze na wenye dharau.

Hawa ninawajua vizuri, maana ndio tunaokaa nao mjini. Kijana amezaliwa Ngara, amesoma mpaka chuo kikuu, anaishi Sinza au Mbezi. Akienda supamaketi ananunua kiboksi cha chai ya majani kutoka nje, vijifuko ishirini kwa bei ambayo nyumbani kwao ingenunua sukari ya wiki nzima. Anakunywa taratibu, anasema inatuliza. Bibi yake akimfungia majani ya kivumbasi kwenye mfuko wa rambo aje nayo Dar, anayasahau kwenye basi kwa makusudi. Muulize kwa nini. Atakwambia ile ya kwenye boksi "imethibitishwa". Imethibitishwa na nani, ndugu yangu? Imethibitishwa kwamba imo ndani ya boksi!

Chukua mfano wa rooibos, ile chai nyekundu ya Afrika Kusini inayouzwa dunia nzima. Hiyo nayo ilikuwa majani ya porini. Waliokuwa wakiyachuma kwenye milima ya Cederberg ni Wakhoi na Wasan, watu ambao walidharauliwa kuliko bibi yako na bibi yangu. Kisha ikawa biashara. Mwaka 1994 kampuni moja ya Marekani ikasajili jina lenyewe la rooibos kama alama yake ya biashara kule kwao, na ikachukua zaidi ya miaka kumi ya mvutano mpaka mwaka 2005 jina hilo likaachiwa. Mwaka 2019 ndipo ukasainiwa mkataba wa kuwapa Wakhoi na Wasan asilimia 1.5 ya bei ya majani yanapotoka shambani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina la rooibos kama jina la mahali, kama unavyolindwa mvinyo wa Champagne wa Ufaransa. Asilimia moja na nusu ni kidogo, najua. Lakini ni asilimia moja na nusu zaidi ya ile anayopata mtu wa Rulenge au Nyakahura kutokana na jambo lolote analolijua kuhusu majani. Na waliipata kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa tayari kusimama na kusema kitu hiki ni chetu, tumekinywa miaka mingi, hatukioni haya.

Sisi tunaona haya. Ndiyo maana maarifa yanatutoka kimya kimya. Hakuna aliyeyapiga marufuku. Yanakufa kwa sababu hakuna anayeuliza. Kijana wa leo wa Biharamulo mjini anaweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa Arsenal na nafasi zao, lakini mpeleke pembeni ya shamba umuulize mimea mitano kwa majina. Atakwambia "majani".

Na si kweli kwamba sayansi imekipuuza kivumbasi. Mafuta yake yamepimwa mara nyingi katika nchi nyingi, na mara nyingi kinachoongoza ndani yake ni eujenoli, ile ile inayoipa karafuu ya Zanzibar na Pemba harufu yake na ile ganzi unayoisikia ukiitafuna kwa jino bovu. Kwa hiyo bibi anayesema chai hii inafungua kifua na kutuliza tumbo haoti ndoto. Mwaka 2008 watafiti wa Kitanzania walichapisha kazi yao kutoka kaskazini-mashariki ya nchi, wakionyesha kwamba mimea ya ukoo wa kivumbasi, ikichomwa au ikiwekwa ndani ya nyumba, kweli hupunguza mbu. Bibi alikuwa sahihi kabla ya maabara. Mgala muue na haki yake mpe, sembuse bibi yako.

Hayo ni ya wenye dharau. Nimewamaliza haraka kwa sababu dhambi yao kubwa ni kunyamaza. Wanaoabudu hawanyamazi.

Panda basi kutoka Dar kwenda Ngara. Mahali fulani njiani, Dodoma au Singida au ukishapita Kahama, atapanda kijana nadhifu mwenye begi. Atawasalimu abiria, ataomba dakika chache, ataanza kwa maombi ya safari njema. Kisha atatoa kichupa au kifuko cha unga wa kijani. Orodha ya magonjwa anayotaja ni ndefu kuliko orodha ya vituo vya basi. Hapimi mtu, haulizi kama una mimba, haulizi unatumia dawa gani nyingine. Kipimo ni kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, awe mtoto awe mzee. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kivumbasi cha bibi hakijawahi kupanda basi kutafuta mgonjwa.

Lakini tusimwonee yule kijana wa begi. Yeye anatafuta nauli. Kuna wakubwa waliofanya hivyo hivyo, na walikuwa na vipaza sauti vikubwa zaidi.

Mwaka 2011 nchi hii ilihamia Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alichemsha mizizi ya mti wa mugariga, akaigawa kikombe kimoja kwa shilingi 500, akasema ni maono kutoka kwa Mungu na kwamba inaponya magonjwa sugu. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Mawaziri walikunywa, na sisi tukawapiga picha. Wako waliofia kwenye foleni. Wako walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa sababu walishakunywa kikombe. Na ukitazama vizuri kikombe kile kilikuwa nini? Mizizi, maji na moto. Ni chai. Mtu akikunywa chai ya mugariga kama chai, hamna neno. Alipoambiwa aache dawa zake, hapo ndipo chai ilipoanza kuua.

Mzee Masapila, apumzike kwa amani, alifariki mwaka 2021. Wakati huo tulikuwa tumeshacheza mchezo ule ule mara ya pili, na safari hii mchezo ulianzia nyumbani. Chato, kwa wasiojua, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla haijawa wilaya yenyewe, na mwaka 2012 ikaingizwa kwenye mkoa mpya wa Geita. Huko ndiko alikozaliwa John Magufuli, na aliingia bungeni mwaka 1995 kwa tiketi ya Biharamulo Mashariki. Mwezi Mei mwaka 2020, akiwa hapo Chato, Rais Magufuli alitangaza kwamba atatuma ndege Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba ya korona, ile ya Rais Andry Rajoelina yenye artemisia ndani yake. Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, akaifuata. Kisha ikaja nyungu. Kivumbasi, mchaichai, majani ya mlimao, mkaratusi: vitu ambavyo akina bibi walivitumia kufukizia mafua vikapandishwa cheo vikawa sera ya taifa. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeshaacha kutolewa. Chanjo zilianza kutolewa mwishoni mwa Julai 2021, baada ya serikali kubadilika.

Nisieleweke vibaya. Kujifukiza ukiwa na mafua si dhambi, mimi mwenyewe najifukiza. Lakini Magufuli alikuwa mkemia kwa elimu yake, na mkemia anajua tofauti ya harufu na kipimo. Kivumbasi hakikuwahi kuomba kazi ile. Walikivisha koti la daktari, wakakisimamisha mlangoni, ili watu wasiulize daktari mwenyewe yuko wapi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo hoja yangu hasa. Mnajua kwa nini watawala wa aina zote wanaipenda sana mitishamba inapofika wakati wa shida? Kwa sababu kivumbasi hakidai bajeti. Hakiombi gari la wagonjwa. Hakigomi kwa kucheleweshewa mshahara. Hakihitaji jokofu, hakihitaji barabara ya kupitisha mama mjamzito wakati wa masika. Kinajiotea chenyewe. Mwanasiasa akisema "turudi kwenye dawa zetu za asili" mpigieni makofi, sawa, lakini muulizeni pia zahanati yetu ina dawa gani leo. Utaona jinsi uzalendo wake unavyopoa.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mtoto mgongoni.

Kagera kwa miaka mingi imekuwa kwenye kundi la mikoa yenye malaria kali nchini. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuwa anacheza asubuhi, ameanguka degedege usiku, na kesho yake hayupo. Katika ugonjwa huu kinachookoa ni muda. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa robo saa kutoka kwenye tone la damu kidoleni. Dawa mseto inamezwa kwa siku tatu. Sera ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Haya yote yapo kwenye makaratasi. Katikati ya makaratasi na mtoto kuna mlima, kuna kilomita za kutembea, kuna siku ambayo vipimo vimekwisha, na kuna jirani anayesema: "Mpe kwanza mubirizi, tuone kesho."

Mubirizi ni ule mti wenye majani machungu, ambao Rwanda na Burundi wanauita umubirizi na wanasayansi wanauita Vernonia amygdalina. Ni mchungu kweli kweli, na kwetu uchungu ndio cheti cha dawa: ikiwa chungu basi inafanya kazi. Siku hizi ukiacha mubirizi na kivumbasi, kuna na artemisia, ambayo watu hupandiana na kupeana kama chai ya malaria. Wauzaji wana hoja moja nzuri sana, na ni lazima niijibu: "Hata hizo dawa mseto za hospitali si zimetokana na artemisia? Kwa nini ninunue ya kiwandani wakati ninayo shambani?"

Ni kweli zimetokana na artemisia. Lakini sikiliza zilivyopatikana. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria wakati wa vita vya Vietnam. Alipekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao. Majani yalikuwa yanafanya kazi leo, kesho hayafanyi, mpaka aliporudi kusoma kitabu cha Ge Hong, cha karne ya nne, akaona mganga yule hakusema chemsha. Alisema loweka, kamua, kunywa. Tu akahisi kwamba moto ndio unaoharibu. Akaacha kuchemsha, akatumia etha kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kilichokuwa kinatafutwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mtu anayekuuzia artemisia ya kuchemsha huku akitaja jina la dawa mseto anakutajia mafanikio ya mama yule na kukuuzia kitu alichokiacha. Artemisinini haipendi maji. Ndani ya kikombe chako inaweza kuwepo kidogo leo na kesho isiwepo kabisa, na hakuna anayejua kiasi gani. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba chai ya artemisia haifai kutibu wala kukinga malaria, na moja ya sababu ni kwamba dozi ndogo ndogo zinaweza kuvifundisha vimelea kuizoea dawa.

Hilo la kuvifundisha vimelea si hadithi ya mbali. Nchi hii imeshapoteza dawa mbili. Klorokwini ilikuwa mfalme mpaka mwaka 2001 ikaondolewa kwa sababu vimelea viliizoea. Ikaja SP, haikumaliza hata miaka sita. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikapokewa na dawa mseto. Na mwaka 2022 utafiti uliofanywa Karagwe, ndani ya Kagera hii hii, jirani kabisa wa Ngara, ulithibitisha kwamba kuna vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Vimelea vya namna hiyo vilishaonekana Rwanda. Msiogope kupita kiasi: dawa mseto bado inaponya, kwa sababu ndani yake kuna dawa mbili na ya pili inasaidia. Sisemi pia kwamba chai ndiyo iliyoleta usugu huo; sina ushahidi huo na sitautunga. Nasema hivi: watu wa Kagera ndio wa mwisho katika Tanzania hii wanaopaswa kuchezea dozi. Kengele ya kwanza imelia kwao.

Kwa hiyo ninaposema kiacheni kivumbasi kiwe chai, sichezi na maneno. Nasema mtoto mwenye homa apimwe kwanza. Kikombe kije baadaye, kama faraja.

Najua majibu nitakayopata. Nitaambiwa nimekuwa mzungu mweusi. Nitaambiwa wazee wetu waliishi miaka mingi bila hospitali. Ndugu yangu, waliishi miaka mingi wale walioishi. Muulize bibi yako alizaa watoto wangapi na akazika wangapi. Muulize kwa upole, maana atakutajia kwa majina. Bibi mwenyewe hajawahi kudai kwamba kivumbasi kinatibu kila kitu. Wanaodai hivyo ni wajukuu zake wenye simu za kuperuzi na akaunti za kuuzia unga.

Na nitaambiwa pia kwamba zahanati iko mbali na haina dawa, sasa mama afanye nini? Hilo ndilo swali lenye akili kuliko yote. Jibu langu ni kwamba kila tunapomwambia mama huyo kwamba majani yanatosha, tunampa msamaha mtu aliyepaswa kupeleka dawa. Umbali wa zahanati ni deni. Majani hayalipi deni hilo, yanaahirisha tu siku ya kudai.

Basi tufanyeje? Kwa bahati nzuri nchi hii ilishaonyesha jinsi ya kumheshimu mjuzi wa mimea bila kumgeuza nabii. Novemba 1987, kwenye milima ya Mahale, Kigoma, mtafiti Michael Huffman alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa mimea wa kabila la Watongwe. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, amelegea, hana hamu ya kula, akienda kwenye kichaka, akimenya ganda la tawi na kufyonza utomvu wake. Kalunde akamwambia mgeni wake kwamba mmea huo kwao ni mjonso, na ni dawa kali. Ndio mubirizi huo huo tuliouzungumzia. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Mwaka 1989 makala ikachapishwa, na mwandishi wa pili ni huyo huyo Mohamedi Seifu. Hakutajwa kama "mwenyeji mmoja". Alitajwa kama mwandishi. Kisha wakaanza kazi ya kupima, ya miaka mingi, ya kuchosha. Hawakukimbilia kuuza unga wa sokwe.

Vyombo vya kufanya hivyo tunavyo. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili tangu mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na inaunda baraza la kusimamia mambo haya. Kinachokosekana ni kutenganisha meza mbili. Meza ya kwanza ni ya chai. Kivumbasi kikaushwe vizuri kivulini, kifungashwe kwa usafi, kiandikwe kimetoka Ngara au Biharamulo, na kiuzwe kama kinywaji, bila jina la ugonjwa hata mmoja kwenye pakiti. Akina mama wa Kabanga na Lusahunga wanaweza kuifanya kazi hiyo, na yule kijana wa Sinza ataikuta ndani ya boksi kama anavyopenda. Meza ya pili ni ya dawa. Huko anayedai kitu kinatibu alete kipimo, alete majibu, na kama hana, akae chini. Kinachotuumiza ni wale wanaokaa meza ya kwanza na kupokea pesa za meza ya pili.

Na kwenu waandishi wenzangu: acheni vichwa vya habari vya "Mmea unaotibu magonjwa arobaini". Hivyo vichwa vinasomwa, najua, na mhariri anafurahi. Lakini vinasomwa pia na yule jirani anayesema tuone kesho. Ukitaka habari ya kweli, nenda kituo cha afya chochote, hesabu siku ambazo vipimo vya malaria havikuwepo mwezi huo, uandike hiyo. Haitasambazwa sana. Iandike hivyo hivyo.

Kivumbasi hakina kosa lolote katika haya. Kinaota, kinanukia, kinafukuza mbu kidogo, kinalainisha koo, na asubuhi ya ukungu kinafanya maji ya moto yawe na maana. Hiyo ni heshima ya kutosha kwa jani. Chuma, suuza, funika sufuria, karibisha wageni. Wageni wakiuliza ni nini, watajie jina lake kwa lugha ya kwenu bila aibu. Na mtoto akishikwa na homa, epua sufuria, mbebe, nenda mkapime usiku huo huo. Chai mtaikuta mkirudi.